Maji Yalipofika Miguuni mwa Bibi Jiwe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa mto. Na anayetaka kupiga miayo apige sasa hivi, maana huko mbele mdomo wazi ni hatari.

Mto wenyewe uliitwa Kizera. Ulishuka kutoka mlimani kwenye baridi, na samaki wake walikuwa na madoa mgongoni, watamu hao, msiniulize. Katikati ya mto palisimama jiwe refu ambalo watu waliliita Bibi Jiwe. Wavuvi wa huko hawakutazama mwezi wala nyota. Walimtazama bibi.

Maji yakiwa shingoni, vua. Yakiwa kiunoni, vua kidogo. Yakifika miguuni, tundika mshipi.

Kwa nini wautundike? Kwa sababu maji yakipungua namna hiyo, samaki wote hukimbilia kilindi kimoja tu chenye ubaridi, chini ya mwamba. Na kilindi hicho kilikuwa na mwenyewe.

Basi, palikuwa na mvuvi mmoja, Mbonea, na mkewe Nakijwa. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali hata vyura wakahama. Maji yakafika miguuni mwa Bibi Jiwe. Mbonea akautundika mshipi wake darini kama wenzake.

Nakijwa alikuwa mja mzito, na mimba ile ilimtesa. Ugali, akatapika. Uji, akatapika. Ndizi, akatapika. Alichotamani ni kimoja tu: samaki wa madoa. Akakonda akabaki macho matupu, na mtoto tumboni akaanza kunyamaza. Jamani, hofu ya mama ambaye mtoto wake hachezi, msiiombe.

"Mume wangu, nipe samaki."

"Maji yako miguuni, mke wangu."

"Mmoja tu."

"Maji yako miguuni, Nakijwa!"

Nakijwa akaangua kilio. "Basi mwanao na afe, huyo bibi yenu wa jiwe afurahi!"

Neno likishatoka halirudi. Mbonea akautungua mshipi, akaenda.

Akarudi na samaki. Nakijwa akala, hakutapika, mtoto akacheza. Furaha iliyoje! Lakini nywele za Mbonea zilidondosha maji, na pamoja na jua lote lile hazikukauka.

Siku moja Nakijwa akasema, "Nipe mwingine." Mbonea akaenda, akarudi na samaki. Nakijwa akala, mtoto akacheza. Lakini sasa Mbonea hakupepesa macho. Alikaa mlangoni akitazama upande wa mto, nzi akatua kwenye kope yake, wala hakutikisika.

"Unatazama nini, baba?"

"Naitwa."

"Na nani?"

Mbonea akanyoosha kidole mtoni.

Nyinyi mngekuwa Nakijwa mngeacha hapo, siyo? Waongo wakubwa! Yeye alimwonea huruma mumewe, akamwonea huruma na mtoto, na mtoto akashinda. "Wa mwisho tu, mume wangu," akasema.

Mbonea akaenda. Hakurudi.

Jua lilipofika utosini Nakijwa hakuweza tena kukaa. "Mimi ndiye niliyemtuma," akajiambia, akatoka. Njia ilikuwa vumbi tupu, ila nyayo za Mbonea zilikuwa bado mbichi kwa maji. Akazifuata hadi kilindini.

Pale hapakulia ndege. Hapakuwa na hata mbu. Mbonea alikuwa amesimama majini, maji yamemfika kifuani, samaki wa tatu yumo mkononi mwake.

"Rudi, Nakijwa."

Nakijwa akatazama mwamba. Ule ukoga aliouona siku zote ulikuwa nywele. Na chini ya nywele, mwamba ukafumbua jicho.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikumjua mtu. Lilikuwa limelala tangu enzi za babu wa babu zao.

"Samaki wa kwanza aliniziba sikio," likasema. "Mkamla, nikasikia. Wa pili alinifunika jicho. Mkamla, nikaona. Wa tatu alinibana mdomo. Huyo hapo mkononi. Sasa nimeamka, na nina njaa."

"Tunamrudisha!" Nakijwa akalia.

"Maiti haizibi kitu. Nirudishieni usingizi wangu, au nipeni huyo wa tumboni aliyewala walinzi wangu."

Likanyoosha mkono mrefu, wa baridi, likamgusa Nakijwa tumboni. Mtoto akanyamaza.

"Mwache!" Mbonea akapiga kelele. "Mtoto hakushika mshipi! Nimevua mimi, nikulaze mimi!"

"Utaniziba sikio?"

"Nitakuziba."

"Utanifunika jicho?"

"Nitakufunika."

"Utanibana mdomo? Kazi ya watatu, mtu mmoja? Hutapumzika, wewe."

"Sitapumzika."

Mkono ukaondoka tumboni. Mtoto akapiga teke. Mbonea akamtazama mkewe kwa yale macho yasiyopepesa. "Akizaliwa, umlete nimwone," akasema. Akazama. Kitu cha mwisho Nakijwa alichokiona ni mgongo wake ukitoka madoa.

Kesho yake mvua ikanyesha. Maji yakapanda kiunoni mwa Bibi Jiwe, yakapanda hadi shingoni, na watu wakapiga vigelegele. Nakijwa peke yake ndiye aliyelia, kwa kuwa maji yale yalikuwa yanamfunika mumewe.

Akajifungua mtoto wa kike mwenye afya. Na kila kiangazi kikija, maji yakifika miguuni, wenzake huomba mvua inyeshe upesi. Nakijwa huomba ichelewe siku moja. Humshika binti yake mkono, wakaenda kilindini, na humo humwona samaki mkubwa akizunguka mwamba, akizunguka, akizunguka. Akifika mbele yao husita kidogo, akamtazama mtoto. Kisha hukimbilia kazi yake.

"Mama, yule samaki mbona halali?"

"Anamlaza mwingine, mwanangu."

"Na akichoka?"

Nakijwa alimwinua mtoto juu kidogo, ili yule wa majini amwone vizuri.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni. Anayetaka kuifuata majini, shauri yake. Ila akumbuke: maji yakipungua, na tamaa ipungue, kilichobaki mwisho kina mwenyewe.