Mnyanya wa Ghorofa ya Tatu

Mtu mmoja alikuwa na shamba mlimani, huko Upareni, na mdogo wake alikuwa na shamba lililopakana na lake. Mkubwa aliitwa Eliamani. Mdogo aliitwa Mbonea. Mashamba yote mawili yalinywa katika mfereji mmoja, na ndugu hao waliuzibua kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Majirani wengi waligombana kwa ajili ya maji. Wao hawakugombana, mpaka wakaota mvi.

Mwaka mmoja mvua ilizidi. Mlima ukashiba maji, ukateleza. Uliteleza mchana, watu wakiwa macho, na bado hapakuwa na la kufanya. Shamba la Eliamani likaenda na kahawa yake, na migomba yake, na nyumba ya matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake mwenyewe. Yeye na mkewe, Namkunda, walikuwa wamekwenda soko la kijiji cha pili, wakapona. Mbonea alikuwa kwenye mfereji. Alikwenda pamoja na mlima.

Walimfukua, wakamzika. Eliamani alisimama kaburini na jembe mkononi, akafukia, akafunga kaburi vizuri, macho yake makavu. Watu wakamsifu, wakasema, huyu ni mwanamume. Namkunda hakumsifu. Alimtazama tu.

Binti yao, Nakijwa, aliyekuwa ameolewa mji wa mbali, aliwapangia nyumba katika mji ulio chini ya milima. Ilikuwa ghorofa ya tatu: chumba kimoja, sebule, jiko ambamo watu wawili hawakuweza kupishana, na roshani yenye upana wa mkeka. Mtu akisimama pale aliona mabati, nyaya za umeme na, kwa mbali, milima. Eliamani aliweka kiti chake sebuleni, akaipa roshani mgongo.

Namkunda hakuwa na nafasi ya kukaa. Alichowatumia binti yao kilikuwa kidogo, naye akaamua kitoshe. Alipika makande kwa moto mdogo, na yaliyobaki jioni yakawa ya asubuhi, pamoja na chai ya tangawizi. Maji aliyooshea mchele hakuyamwaga. Majivu ya jiko hakuyatupa. Alishuka kwa fundi cherehani aliyekaa chini ya jengo, akaomba vipande vya vitambaa vilivyobaki, akaviunga kwa sindano ya mkono mpaka vikawa shuka la kitanda, kitenge hiki kikishikana na kile. Mkeka ulipofumuka aliushona. Mwiko ulipovunjika mpini aliufunga kwa waya, ukaendelea kusonga ugali.

Kisha akaitazama roshani. Akaokota debe la mafuta lililooza kitako, beseni lililopasuka, makopo ya rangi yaliyoachwa na mafundi, viroba vya unga vilivyotoboka. Vyote vilikuwa vibovu, vyote vilivuja. Mtaa wa nyuma watu walikuwa wanachimba mtaro wa bomba. Namkunda akaomba udongo uliotolewa humo, akaupandisha ngazi kwa kikapu, akipumzika kwenye kila ghorofa. Jirani wa mlango wa pili, mjane wa pwani aliyeitwa Bi Kidawa, alipomwona alicheka. Kesho yake alikuja akashika sikio moja la kikapu, wakapandisha wote wawili.

Namkunda akachanganya udongo ule na majivu na maganda ya ndizi yaliyooza. Akapanda mchicha, bamia, vitunguu vya majani. Alikuwa na nyanya moja iliyoiva kupita kiasi. Akaikamua mbegu, akazianika juu ya karatasi, na ule mmea uliotoka na nguvu kuliko mingine akauweka kwenye kopo la rangi, pembeni, palipopata jua la asubuhi.

Eliamani aligeuza shingo mara moja tu. Akasema, "Udongo wa mtaroni ndani ya madebe mabovu. Mama Nakijwa, hilo si shamba."

"Si shamba," mkewe akajibu. "Ni mchicha."

Hakugeuka tena. Chakula alikula kidogo, kama mtu anayekula kwa niaba ya mwingine. Usingizi alilala kidogo. Jina la Mbonea halikutoka kinywani mwake, na mtu mwingine akilitaja alisimama akaenda kunywa maji. Hata habari za Nambua, mjane wa Mbonea, hakuuliza. Suruali yake ikampwaya. Namkunda akaibana kiunoni kwa sindano ile ile ya viraka. Ikampwaya tena, akaibana tena, naye alipokuwa anakata uzi kwa meno aliogopa, maana alikuwa anajua mwisho wa suruali inayobanwa hivyo.

Ikaja habari kwamba Nakijwa amejifungua. Mzazi hulelewa na mama yake, na mama hakuwa na budi kwenda. Namkunda alipika sufuria ya makande, akamwomba Bi Kidawa amtupie jicho mzee, akafunga mzigo wake. Kuhusu mimea hakusema neno. Aliona kwamba kumwagiza mtu kitu anachokidharau ni kumwongezea dharau.

Eliamani akala makande mpaka yakaisha. Bi Kidawa akamletea wali wa nazi, akala, akashukuru. Akaletewa tena. Mara hii alipopokea sahani aliona haya, mwanamume mzima mwenye mikono miwili kulishwa na mjane. Akasema, "Dada, Mungu akubariki, kesho nitapika mwenyewe." Kesho ilipofika alikuta jikoni kuna unga na hakuna mboga. Hapo ndipo alipofungua mlango wa roshani.

Mchicha ulikuwa umelala. Mkulima hawezi kuona jani limelala akapita. Alichota maji kwa kikombe, akamwagia taratibu kwenye shina, si juu ya majani. Akangoja. Kisha akachuma, akikata vichwa tu ili mashina yachipue tena, na vidole vyake havikumwuliza kitu. Ugali aliupika ukashika moto chini. Mchicha aliukaanga na kitunguu, chumvi ikazidi. Alikula akiwa amesimama pale pale roshani, akamaliza.

Tangu siku hiyo kiti cha sebuleni kilikaa wazi asubuhi. Aling'oa magugu madogo yaliyotoka na udongo wa mtaro. Aliinua majani ya bamia akatafuta wadudu. Na mnyanya ule wa kwenye kopo, uliokuwa umeanza kuweka matunda ya kijani madogo kama gololi, ulimtia huruma. Kopo lilikuwa jembamba, lenye kutu, na mizizi ilikuwa imeanza kuchungulia kwenye tundu la chini. Akasema moyoni, mti mzuri kama huu haustahili chombo kibovu.

Jikoni palikuwa na ndoo mpya ya maji ya kunywa. Nzima, nene, haina hata mkwaruzo. Akaichukua. Akangoja jua lipoe, akauhamisha mnyanya na udongo wake bila kukata mzizi hata mmoja, akausimikia kijiti cha ufagio, akaufunga kwa kipande cha kitenge. Kazi ile aliifanya vizuri kuliko kazi yoyote aliyoifanya tangu aje mjini. Akaumwagilia asubuhi na jioni. Majani yakaanza kuwa ya manjano. Akadhani una kiu, akaongeza maji. Matunda yakadondoka moja moja. Akaongeza maji. Mwishowe akasikia harufu, akatia mkono ndani ya ndoo, akakuta matope na mizizi iliyooza.

Mlimani maji hujitafutia njia ya kushuka. Ndani ya ndoo nzima hayana pa kwenda. Eliamani alilima miaka yote bila kuhitaji kulijua hilo.

Namkunda aliporudi alimkuta ameketi sakafuni roshani, ndoo katikati ya magoti. Hakumwuliza mtoto anaendeleaje, wala mama yake. Akasema, "Mama Nakijwa, nimeuzamisha."

"Ni mnyanya tu, Baba Nakijwa. Mbegu nyingine zipo."

Akatikisa kichwa. "Siku ile zamu ilikuwa yangu," akasema.

"Zamu ya nini?"

"Ya mfereji. Nilimwambia nataka kwenda sokoni kutafuta jembe. Akaniambia, nenda, kaka, nitazibua mimi."

Namkunda akaweka mzigo chini. "Na siku zote hizi hukuniambia?"

"Ningekuambia, ingekuwa kweli."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka Bi Kidawa akafungua mlango wake, akasikiliza, akaurudishia polepole. Namkunda hakumwambia kosa si lako. Aliona maneno hayo ni mepesi mno kwa mzigo ule. Alitandika mkeka, akaketi karibu naye, bega kwa bega, na akawa anarudia jina kila mumewe alipolitaja, Mbonea, Mbonea, kama watu wanaoitikia wimbo wa msibani. Na kweli ulikuwa msiba. Ulikuwa umechelewa tu.

Alipokuwa amenyamaza, mkewe akapika uji wa ulezi. Akanywa bakuli, akaomba jingine. Halafu Namkunda akachomeka msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo, akamkabidhi. Hakumweleza kitu. Eliamani akaigeuza ndoo ile nzuri kifudifudi, akaitoboa kitako mara kadhaa, moshi wa plastiki ukimchoma macho. Wakatia udongo mwingine. Wakapanda tena.

Mnyanya wa pili ukazaa. Eliamani alikuwa ameanza kusuka vikapu kwa zile kamba za plastiki za kufungia mizigo, ambazo wenye maduka huzitupa. Kimoja alimpa Bi Kidawa, kwa ajili ya sahani alizomletea. Kingine alikisuka kwa uangalifu zaidi, akakitia nyanya zote zilizoiva, hakubakiza hata moja ya mboga ya nyumbani. Namkunda hakuuliza zinakwenda wapi. Alimletea shati lake, alilokuwa ameligeuza kola ili upande uliochakaa ukae ndani.

Alipanda mlimani peke yake. Nambua, mjane wa Mbonea, alikuwa anaishi kwa kaka yake, kijiji kilichonusurika. Alimkuta uani anapepeta maharage. Mama yule alipomwona aliweka ungo chini lakini hakusimama. Eliamani naye hakukaa. Alisimama na kikapu chake mbele ya mwanamke yule, akasema alichokuja kusema: kwamba siku ile zamu ilikuwa yake, kwamba Mbonea alikufa mahali pa kaka yake, na kwamba amelificha jambo hilo na anaomba radhi.

Kuku wakajisogeza wakaanza kudonoa ungoni, naye Nambua hakuwafukuza. Kisha akasema, "Nilijua, shemeji. Aliniaga asubuhi ile akasema anakushikia zamu, na aliondoka anacheka. Hilo sikuwahi kukuwekea moyoni. Ila uliondoka ukaenda zako mjini, ukaniacha nimlilie peke yangu. Hilo ndilo."

Eliamani akaketi chini, juu ya mavumbi. Wakamlilia Mbonea wote wawili, mchana ule, na watu wa nyumba ile waliokuwa wamekwisha kuacha kulia wakaanza upya. Baadaye Nambua alipika ugali na mlenda, akaukatia zile nyanya, wakala katika sahani moja. Na tangu siku hiyo mizigo ikawa inapanda na kushuka kati ya nyumba zile mbili, huku maharage, kule mchicha, na salamu juu yake.

Ndugu zangu, Namkunda alikuwa mwanamke mwekevu, nami namsifu. Maji ya mchele aliyaweka, na majivu, na vitambaa, na mbegu ya nyanya iliyooza, na kila alichokiweka kilikuja kulisha mtu. Mumewe naye aliweka. Aliweka machozi, akayafunga kwenye chombo kizima kisichovuja, na watu wakamsifu kwa hilo. Lakini yalikuwa yanaozesha mzizi wake, na hayakuwa yake peke yake. Mjane wa ndugu yake alikuwa na sehemu yake katika machozi hayo.

Basi wewe unayenisikiliza leo, uliyejikaza vizuri hata watu wakakusifu: ni nani, huko ulikotoka, anayemlilia mtu wenu peke yake kwa sababu wewe umenyamaza?