Biri za Kicheko

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya kusokota biri, zile sigara nene za jani tupu, katika mji unaonuka tumbaku toka stesheni hadi msikitini. Aliitwa Lugembe. Kila biri aliivisha pete ya karatasi nyekundu yenye picha ya mwanamke anayecheka, meno yote nje. Chapa yake ikaitwa Kicheko. Watu walisema mwanamke yule si mkewe. Mimi sikuwepo.

Wanawake walisokota wamekaa kwenye benchi moja refu. Na Lugembe alikuwa na desturi: kila asubuhi mmoja wao alipewa zamu ya kuleta habari za mji. Nani kaposwa, nani kaikimbia posa, nani kamnunulia mchungaji viatu. Wengine walisokota huku wakicheka mpaka machozi. Vidole vyao vilikuwa vyepesi, biri zao ziliwaka polepole, moshi ukapita laini, na wanunuzi walizifuata kutoka mbali.

Lugembe akafa, karakana ikawa ya mwanawe Kasanzu. Kijana mwema, ila alipenda heshima kupita kiasi. Aliona aibu kwamba jina la babake limelelewa na umbea. Akachapisha pete mpya za rangi ya dhahabu. Mwanamke alikuwa yule yule, ila sasa kafunga mdomo. Kisha akabandika amri ukutani: kimya kazini. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nyamizi, mkubwa wa benchi, na habari yenyewe ilikuwa ya mke wa mwenye mashine ya kusaga. Alikatizwa pale pale, mama wa watu yuko dirishani, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Wanawake wakatii. Lakini yale yote waliyoyameza yakashuka vidoleni, wakayakaza majani kama mtu anayekamua blanketi. Kwa nje biri zilipendeza kuliko zamani.

Wanunuzi wakaja kuonja, waagize mzigo wa mwaka mzima. Kila mtu pale alijua: wakiondoka bila kuagiza, benchi linavunjwa na wanawake wanarudi nyumbani. Kasanzu alivaa koti. Wageni wakawasha, wakavuta. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje, moshi hakuna. Mmoja wao, mnene, alivuta kwa nguvu zake zote mpaka kifungo cha shati kikaruka, kikatua kwenye chai ya Kasanzu.

Benchi zima likajizuia. Nyamizi akajisingizia kikohozi. Wapi! Kicheko kikamponyoka, akawaambukiza wenzake wote, na mikono yao, iliyolelewa na kicheko, ikarudi kusokota yenyewe. Kasanzu, jasho likimtoka, akaichukua biri iliyotoka wakati huo huo mkononi mwa Nyamizi, haina hata pete. Akaiwasha. Moshi ukapita kama zamani za babake.

Akaitazama biri ile. Akawatazama wanawake, wanafuta machozi kwa khanga. Akaenda ukutani akaibandua amri, akavua koti, akavuta kigoda akaketi katikati yao.

"Bi Nyamizi," akasema, "yule mama wa dirishani, mguu wa pili aliutoa?"

Nyamizi akasimulia. Wageni nao wakasogeza viti, hakuna aliyetaka kupitwa, na kabla habari haijafika mwisho walikwisha agiza mzigo, kwa sharti moja: zirudi zile pete nyekundu.

Haya, ninyi wenye majina ya kung'aa juu ya nyumba zenu na juu ya ibada zenu, mliowanyamazisha watu ili mheshimike: mtu akiwasha, moshi unapita?