Kwa Nini Pizza Haifunikwi

Weka chini hicho kipande kwanza, baba. Nimekuona. Mjukuu wangu Nietiwe amekuandalia pizza yenye kila kitu duniani, nyama ya kusaga, kuku, soseji, hoho, vitunguu, nyanya, uyoga, na wewe mchumba wake, mgeni mwenye adabu zako, umeukodolea macho huo uyoga, ukameza mate, ukafumba macho ili uume tu yaishe. Usiume. Adabu ya namna hiyo iliwahi kutaka kuua watu. Na wewe Nietiwe, acha kukatakata, kaa hapa usikie.

Enzi za mababu wa mababu zetu, mkate wa namna hii ulikuwa na kifuniko. Unga ulikandwa ukatandazwa, nyama na mboga zikarundikwa juu yake, kisha ukaletwa unga mwingine kufunika vyote, na kingo zikabanwa kwa vidole pasibaki hata tundu la sisimizi. Ulipotoka motoni ulikuwa umevimba na umenyamaza. Mlaji hakuruhusiwa kuufunua. Kuufunua mkate wa mtu kulikuwa sawa na kumvua mwali mtandio mbele ya umati, ni kumwambia mwenyeji kwamba humwamini. Basi watu waliuma tu, na kilichomo walikijulia mdomoni.

Tena kila ukoo ulikuwa na mwiko wake wa chakula, na mwiko huo haukutajwa nje ya ukoo. Uliaminika kuwa na nguvu za kudhuru, kwa hiyo adui akiujua, kesho tu atakutilia kwenye chungu. Sasa fikirini wenyewe. Mkate haufunuliwi, na mwiko hautajwi. Nikiwaza hayo hujiuliza hao wazee wetu walikuwa wanawaza nini.

Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni walikuwa wakigombania maji ya mfereji tangu kabla ya wakongwe wao kuzaliwa, na damu ilikuwa imemwagika pande zote mbili. Kisha Nakunda wa Bondeni akapendana na Kajiru wa Mlimani. Walikutania hapohapo mferejini, mahali pa ugomvi, mapenzi hayana akili. Wazee walikasirika mpaka wakachoka, na walipochoka wakaona heri ndoa ile imalize vita. Wakakubaliana kwamba siku ya posa pande zote zitakula mkate mmoja kutoka ungo mmoja. Ukiliwa ukaisha, vita vimekwisha na Nakunda ameolewa. Ukikataliwa, posa imekufa na watu warudie mikuki yao.

Mama yake Nakunda ndiye aliyeupika. Aliupika kwa roho yote, maana alikuwa akimpikia mwanawe maisha. Alitia nyama ya ng'ombe, akatia kuku, nyanya, vitunguu na hoho. Nyama ya kondoo hakutia, huo ulikuwa mwiko wa Bondeni na hakuna aliyemuuliza. Kisha, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, akachuma uyoga mweupe mnene, akaukaanga kwa samli. Kwao hapakuwa na heshima kubwa kuliko uyoga. Akaufunika mkate, akabana kingo, akaupeleka mwenyewe uwanjani.

Mzee Sekiete, babu yake Kajiru na msemaji wa Mlimani, ndiye aliyemega wa kwanza. Alitafuna polepole, uso ukamlainika.

"Mama," akasema, "umetukirimu. Hii nyama laini hivi ni ya mnyama gani?"

"Hiyo si nyama, baba," akajibu Mama Nakunda kwa furaha. "Ni uyoga."

Jamani! Mpaka leo nikifika hapa mwili unanisisimka. Mzee aliganda, tonge shavuni. Mwanamke mmoja wa Mlimani alipiga ukunga, na mwingine akajifunika uso kwa kanga. Uyoga ndio uliokuwa mwiko wao. Mtoto wa kwanza wa ukoo wao aliuawa na uyoga, na tangu hapo waliamini kwamba mtu wao akiuonja tu, meno yote yatamng'oka papo hapo. Watu wakamtumbulia macho kinywani wakingoja meno yaanguke. Mama Nakunda yeye alisimama tu, hajui hata kosa lake ni lipi.

"Mmetulisha mwiko!" wakapiga kelele vijana wa Mlimani. "Mlijua!"

Hawakuwa wamejua, lakini nani angeamini? Vijana wa Bondeni nao wakainuka. Mikuki iliyoegeshwa ukutani ikashikwa. Kajiru akawa anavutwa mkono na nduguze waondoke, na posa ikawa inakufa machoni pa watu.

Ndipo Nakunda akafanya jambo ambalo halijawahi kuonekana. Aliukamata ule mkate kwa mikono miwili mbele ya wakwe zake, akaubandua kifuniko chote, akakitupa chini. Kelele zote zikakatika. Hata waliokuwa wameinua mikuki walisahau kuishusha. Mkate ulikuwa wazi, mvuke unatoka, nyama huku, hoho kule, nyanya, vitunguu, na uyoga katikati, kila mtu anauona. Mama yake alishika kichwa kwa aibu.

Lakini binti alikuwa bado hajamaliza.

"Babu," akamwambia Mzee Sekiete, "sisi watu wa Bondeni hatuli kondoo. Tukila tunapofuka macho. Sasa na ninyi mnajua."

Hapo ndipo Bondeni nzima ilipopigwa na butwaa. Siri iliyolindwa vizazi vyote hivyo, binti ameitoa mchana kweupe, akampa adui mwenye zizi lililojaa kondoo!

Mzee Sekiete alimtazama. Watu waliona ulimi wake ukizunguka ndani ya mashavu, unakagua jino moja moja. Yote yalikuwepo, machache yaliyokuwa yamebaki.

"Huyu mtoto amenishikisha kisu chake mwenyewe," akasema mwishowe. "Nitamchomaje nacho?"

Akalitema lile tonge, akasukutua kinywa kwa maji. Kisha akaanza kuuokota uyoga kwa vidole vyake vya kizee, kipande kimoja kimoja, akiuweka pembeni, kwenye ukingo mtupu wa mkate. Alipomaliza akamega palipobaki nyama na hoho, akala. Kajiru akaja akala. Mikuki ikarudi ukutani. Uyoga wa pembeni ukaliwa na Bondeni, na ungo ukabaki mweupe.

Na tangu siku hiyo mkate ule haukufunikwa tena. Nyama na mboga hulala juu, peupe, kila jicho lione, na kwa kuwa bila kifuniko zilikuwa zikidondoka, wapishi wakaanza kuyeyushia jibini ili izishike. Ukingo wake huachwa mtupu, maana ndipo mtu anapoweka asichokula, na watoto wanaoubakiza sahanini wala hawajui wanabakiza nini. Na ndiyo maana mtu akipewa pizza huitazama kwanza, akadonoa hapa na pale kwa kidole, na hakuna anayemwona mkosefu wa adabu.

Basi, mume wangu, ukimwoa Nietiwe umenioa na mimi bibi yake, hatutafichana. Mimi naanza. Mimi ni wa Bondeni, na sili kondoo.

Haya, sema. Wewe huli nini?