Tela ya Mama Ambakisye na Taa Yake

Sogeeni, wajukuu zangu, na nyie wenye ndevu pia. Mwenye hindi mdomoni alimeze, mwenye neno alikalie. Nikinyamaza mie ndipo mtasema. Kwa sasa nataka masikio tu.

Huko Rungwe milimani, ambako ukungu hushuka mchana kweupe hata ng'ombe akampoteza ndama wake, alikuwako Mama Ambakisye na watoto watatu, kila mmoja na mkono wake. Ambakisye, mkubwa, chuma kilimtii kama mbwa. Tusajigwe, binti wa kati, alijua umeme ulikokwama. Redio iliyozikwa na mafundi wengine yeye aliifufua. Lusajo, kitinda mimba, alikuwa na mkono wa rangi: akipaka mlango wa choo, mgeni hubisha hodi akidhani ni sebuleni.

Mama huyo aliachiwa na marehemu mumewe tela, ile ya kufungwa nyuma ya trekta. Kutu imeila, kibao cha namba kimeanguka, taa ya kukimulika haipo. Na askari mkaguzi wa magari alikuwa ametangaza: Alhamisi anakuja sokoni, na tela isiyosomeka namba ndani ya ukungu haitatia gurudumu barabarani.

Mama akawaita. "Wanangu, magoti yangu yamekwisha. Mkono utakaoipitisha tela hii kwa mkaguzi, tela ni yake."

Lusajo aliitamani. Lakini alijua dada yake anaihitaji kuliko wote: mjane, na kila masika viazi vyake viliozea shambani kwa kukosa cha kuvibebea.

Jumapili Ambakisye akaanza kuchomelea. Kwanza akakifunga kibao kwenye mlango wa nyuma. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"We Amba! Tukiulaza mlango tupakie magunia, namba itasomwa na nani? Siafu?"

Akakitoa, akaunda kishikio cha chuma pembeni, akakaza bolti mbili. Hata ungekipiga teke, kibao hakitikisiki.

Jumatatu Tusajigwe akaja na waya zake. Akafunga taa ndogo juu ya kibao, ikiangalia chini kama mama anayemtazama mtoto mapajani. "Umeme ni mgeni, Lusajo," akamwambia mdogo wake aliyemshikia koleo. "Ukiupa njia ya kuja, uupe na ya kurudi." Njia ya kurudi ilikuwa waya mweusi, aliobana kwa skrubu kwenye chuma kitupu cha tela. Trekta la jirani yao Mwakatobe likaungwa. Taa ikawaka, namba zikasomeka.

Jumanne ikawa zamu ya Lusajo. Akakwangua kutu, akapaka kijani. Hata ile skrubu ya waya mweusi aliifungua apake na chini yake, maana mkono wake haukupenda kuruka mahali. Rangi ilipokauka akairudisha, akaikaza vizuri. Tela ikang'aa kama jani la mgomba baada ya mvua.

Jumatano trekta likaungwa tena. Taa kimya. Tusajigwe akabadilisha balbu, kimya. Akafuata waya kwa vidole toka mwanzo hadi mwisho. Skrubu ipo, imekaza. Kimya.

"Redio za watu unaziweza," mama akasema, "tela ya baba yako imekushinda!"

"Mama, juzi iliwaka, nyote mliona."

"Mkaguzi haji juzi, anakuja kesho!"

Tusajigwe akaokota koleo lake, akaenda zake bila kuaga.

Alhamisi asubuhi Lusajo alikuwa anafuta umande kwenye tela. Kitambaa kikapita kwenye skrubu, akaona kijani kinameta chini yake. Rangi. Umeme haupiti kwenye rangi: mgeni amefungiwa mlango wa kurudi, na aliyeufunga ni yeye. Akalegeza skrubu, akaokota msumari, akakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza tena. Mwakatobe alipounga trekta, taa ikawaka.

Mama akapiga vigelegele. "Lusajo kaifufua!"

Hapo ndipo pa kusema. Lusajo akautia msumari mfukoni.

Sokoni ukungu ulikuwa mzito kama uji. Mkaguzi akasimama mbali, akasoma namba, akaja akagonga chuma. "Kutu ingekuwepo, ningewarudisha. Kibao kingelegea, ningewarudisha. Taa isingewaka, hata namba nisingeiona. Nendeni."

Siku mbili Lusajo alitembea na msumari ule. Kila akiketi, msumari unamchoma paja. Jumamosi mama akawakusanya wote watatu, akatoa pini ya kuungia tela, akamnyooshea Lusajo.

"Shika, mwanangu."

Mkono haukwenda. "Mama, taa niliizima mimi." Akaeleza yote, akauweka msumari mkekani.

Tusajigwe akamtazama sana. "Nimelia siku tatu, Lusajo. Tela umeipaka kijani. Machozi yangu utayapaka rangi gani?"

"Ila kosa kaliona yeye," Ambakisye akasema taratibu. "Sisi tusingeliona."

"Asingelitia, nani angelitafuta?" Tusajigwe akamjibu.

"Na kibao changu je? Taa yako ingemulika nini, hewa?"

Mama akaifunga pini kwenye ncha ya khanga. "Na mimi niliyemtukana mwanangu kabla ya kumsikiliza, nitoe hukumu kwa mdomo gani?" Hakulifungua fundo lile mpaka alipofariki.

Haya, sasa semeni. Tela ni ya aliyeishika namba, ya aliyeleta mwanga, au ya aliyeuzima akauwasha? Na kukiri kwake kunamwongezea au kunampunguzia? Je, wewe ungempa nani pini ile?

Mie nijualo ni hili tu. Ambakisye alirithi migomba ya bondeni. Tusajigwe alirithi nyumba, na khanga imetundikwa humo na fundo lake. Hakuna aliyethubutu kuligusa, na tela hadi leo haina mwenyewe. Lusajo alirithi ng'ombe wawili. Lakini ukimkuta ameketi, mtazame mfuko wa suruali: msumari bado umo.