Kiti cha Pili cha Mwalimu Nakijwa

Hapo zamani, na wala si zamani ya mababu, ni ya juzi juzi tu, mimi nikiwa pale pale, miguu yangu miwili juu ya saruji ya lile bohari la mkonge pale Mombo. Atakayewaambieni vingine hakuwepo. Mimi nilikuwepo, na macho yangu mnayajua, sisimizi akipepesa namwona.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mwalimu Nakijwa, mstaafu wa jiografia. Miaka thelathini na mitano aliichora ubaoni barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kona kwa kona, kwa chaki, bila kutazama kitabu. Kuichora aliichora. Kuiendesha, hata siku moja. Gari alijifunzia pikapu ya shamba la mkonge, huku chini kwenye tambarare, na mlimani alipanda basi, akakaa dirishani, akashuka, basi.

Lakini alikuwa na ndoto yake. Utotoni, amesimama kando ya barabara pale Soni na ndoo kichwani, lilimpita gari dogo la watu wawili, limelala chini kama paka anayevizia, paa limekunjwa nyuma. Lilitoka kwenye ukungu, likaingia kwenye ukungu. Aliyeshika usukani alikuwa mwanamke. Tangu siku ile Nakijwa akawa analiota. Katika ndoto gari halina mlio. Ukungu unafunguka mbele yake kama pazia, unajifunga nyuma yake, na yeye anapanda tu, anapanda, mikono yake kwenye usukani haina uzito.

Sasa daktari wa macho alikuwa amemwambia, "Mwalimu, presha ya macho imekula sana. Masika ikiingia, kuendesha usahau." Siku hiyo ilikuwa mwanzo wa Desemba. Hesabuni wenyewe.

Na wiki hiyo hiyo akasikia kwamba Kihiyo, yule muuza magari ya mitumba mwenye ulimi wa asali, ameleta kwenye lile bohari, ndiko anakouzia, gari la watu wawili, rangi ya maua ya jakaranda.

Akaenda asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mlimani hadi ndani ya bohari. Kihiyo akavuta turubai, na lile gari likatokea polepole, kwanza taa, kisha ubavu, kisha kiti kimoja, kisha kiti cha pili. Mwalimu akashika ukuta.

"Kihiyo," alisema, "darasani ulikuwa unakaa nyuma."

"Nyuma kabisa, Mwalimu. Karibu na dirisha."

"Na ulikuwa mwongo."

"Kidogo, Mwalimu."

Basi Mwalimu akageuka, akasema mbele ya wote tuliokuwepo, "Yeyote atakayenionyesha aibu ya gari hili iliyofichwa, safari yangu ya kwanza kwenda Lushoto kiti cha pili ni chake." Yeyote. Neno lilitoka hivyo hivyo, na wote tunajua Mwalimu Nakijwa hageuzi neno lake.

Kihiyo akacheka. "Kiti hicho kitabaki kitupu. Gari hili halina hata chunusi."

Wa kwanza kuja alikuwa Singano, fundi wa kunyoosha bodi. Huyu miaka yote ananyoosha magari yaliyopondeka kwenye kona za mlima ule. Akatoa sumaku aliyoichomoa kwenye spika mbovu ya redio, akaifunga kwa leso isichubue rangi, akaanza kuipitisha mwilini mwa gari, taratibu, kama daktari anayesikiliza kifua. Boneti, sumaku ikashika. Mlango, ikashika. Akafika nyuma ya mlango, sumaku ikaanguka, pu. Akaiokota, akaiweka tena. Pu. Akaifuata ile sehemu kutoka chini hadi juu, kisha ng'ambo ya pili.

"Mwalimu," akasema, "hapa si bati, ni lipu. Gari hili ni magari mawili. Mbele ni la mtu mmoja na nyuma ni la mwingine, yameungwa hapa katikati kwa moto wa haraka haraka. Kona ya tano lingekatika, ungefika Lushoto na nusu."

Mwalimu akamtazama Kihiyo. Kihiyo akatazama ukungu.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, Mwalimu."

Kiti kikapata mwenyewe.

Wa pili alikuwa Bi Mgeni, mshonaji, shoga yake Mwalimu tangu wote wana meno yote. Yeye magari hayajui, hata tairi la akiba halijui liko wapi. Ila Bi Mgeni ana tabia yake: akinunua kitambaa hulifungua jora hadi mwisho, wenye maduka wakimwona wanajifanya wamekwenda kuswali. Basi akaingia, akakaa, akaushika mkanda wa kiti, akauvuta. Akavuta, akavuta. Mkono mmoja, safi. Mikono miwili, safi. Mwisho kabisa, pale ambapo hakuna mtu aliyewahi kuuvuta, mkanda ukatoka na rangi ya tope, na mchanga mwembamba ukamwagika mapajani mwake.

"Shoga," akasema, "gari lako limeshawahi kuogelea."

Singano akafunua zulia. Chini yake kulikuwa na magome ya mdalasini ya kuua harufu, na chini ya mdalasini nyaya zimeota ukijani. Taa zingezimika katikati ya ukungu, Mwalimu akiwa na macho yale.

"Kihiyo, baba," Bi Mgeni akamwambia, "umelitia gari viungo, ulitaka kulipika pilau?"

"Ni hilo tu?" Mwalimu akauliza.

"Ni hilo tu, Mwalimu. Naapa."

Kiti kikapata mwenyewe wa pili.

Sasa hapo mtu mwenye akili zake angeondoka. Mwalimu Nakijwa hakuondoka. Aliomba ufunguo, akaliendesha gari kwenye barabara iliyonyooka, katikati ya mashamba ya mkonge, akaenda, akarudi. Aliporudi, mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakuyapangusa.

"Yaliyoonekana yatatengenezwa," akasema. "Nalichukua."

Kihiyo akatoa karatasi. Kalamu ikawa tayari iko mkononi mwa Mwalimu. Ndipo Kihiyo akauliza, kwa sauti ndogo ya mtoto wa nyuma ya darasa, "Mwalimu, ile Lushoto uliyosema ni kweli? Mimi nilidhani utakwenda nalo kanisani tu."

"Nitapanda zile kona zote. Masika ikiingia sitaona tena. Hujui?"

Hakujua. Akaketi kwenye saruji, akaingia chini ya gari kwa mgongo, na sauti yake ikatokea huko chini:

"Mkono wa usukani, huu unaogeuza magurudumu, umepasuka. Niliuchomelea mwenyewe, nikaupaka grisi nyeusi. Kwenye tambarare hausemi kitu. Ukikunja usukani sana kwenye kona, mkono unaachia. Sumaku haiwezi kuuona, wala fundi. Ninaujua mimi peke yangu. Usitie saini."

Kalamu ikaanguka. Na kiti kikapata mwenyewe wa tatu.

Mwalimu alilinunua hivyo hivyo. Singano akaliunga upya na kubadilisha nyaya, Bi Mgeni akashona viti, Kihiyo akaenda Tanga mwenyewe na kurudi na mkono mpya wa usukani amepakata kama mtoto. Mwisho wa Februari, asubuhi, paa limekunjwa, Mwalimu Nakijwa akaketi, akawasha. Ukungu ulikuwa umeteremka hadi barabarani kumpokea. Na kando ya gari wamesimama watu watatu, wote wameoga.

"Mimi ndiye nilianza," Singano akasema. "Bila sumaku yangu hakuna ambaye angelishuku gari hili. Na magari ya kona zile nayapokea yakiwa yamekufa. Nataka mara moja nifike juu na gari zima."

"Wewe ni kazi yako," Bi Mgeni akasema. "Mimi sina ufundi wa magari, nilikuwa na mapenzi tu. Nimezaliwa huko juu, nikashuka bibi harusi. Na ukungu ukizidi, nani atakuwa macho yake? Huyu mpika pilau?"

Kihiyo alikuwa anatazama viatu vyake. "Mimi ndiye niliyeficha yote matatu," akasema. "Lakini haya mawili mliyoyafichua hata mwingine angeyaona. La kwangu lingemuua kabla halijaonekana. Na Mwalimu alisema yeyote. Sijawahi kukaa mbele, Mwalimu."

Mwalimu akatazama barabara. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani, wa pili umelala juu ya kile kiti kitupu, na mbele yake pazia jeupe lilikuwa limeanza kufunguka.

Yote haya niliyaona, isipokuwa moja nimelitia mimi, nalikiri: rangi. Gari lilikuwa la kijivu. Jakaranda nimeipaka mimi, maana kwa jinsi Mwalimu alivyokuwa akilitazama, kusema kijivu kungekuwa uongo zaidi.

Haya, injini inanguruma, masika iko mlangoni, na kiti ni kimoja. Je, nani alistahili kupanda naye?