Mtoto Asiyeguswa

Sogeeni, mnipe masikio. Alikuwapo mama mmoja, Namkasi, ambaye zimwi lilimlia watoto akabaki na Sizaje, kitindamimba wake. Akaenda naye pangoni kwa mzimu mlinzi wa ukoo, akalia, "Babu, mlinde huyu asiguswe na chochote!"

"Chochote?" mzimu ukauliza.

"Chochote, Babu."

Zimwi likaja, likamgusa mtoto, likaungua vidole. Chui akaja, akaungua makucha. Nyoka akaja, akaungua meno. Namkasi akapiga vigelegele, akakimbia kumkumbatia mwanawe, na mikono yake ikaungua vilevile.

"Mama, nibebe!" mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka, na mama asiweze hata kumfuta machozi.

Akarudi naye pangoni. "Babu, ondoa ulinzi wako."

"Zimwi linakungoja njiani, mjukuu wangu."

"Najua. Ondoa."

Ulinzi ukaondoka. Namkasi akamfunga Sizaje mgongoni kwa kanga, akashika panga kwa mikono yenye malengelenge. Njia nzima vichaka vilitikisika nyuma yao, naye akigeuka, vinatulia.

Walifika nyumbani. Lakini tangu siku hiyo Namkasi hulala ameketi mlangoni, panga mkononi, na mtoto amemwegemea. Kisa changu kimetua hapo.