Mtamba wa Bibi Nakiete

Tegeni masikio, maana hadithi hii mimi sina mwisho wake. Mwisho nawaachia nyinyi.

Huko milimani Upare aliishi mjane mmoja, Namsifu, na wanawe watatu. Nakijwa, kifungua mimba, alijaliwa nguvu: mzigo wa kuni uliowashinda watu wazima yeye alijitwika huku akiimba. Mbonea, wa pili, alijaliwa mbio. Mteremko aliushuka kama jiwe lililoponyoka. Senzia, kitinda mimba, hakuwa na nguvu wala mbio, ila alikuwa na utulivu. Wenzake wakibabaika, yeye hufikiri.

Namsifu hakuwa na mali ya kuwarithisha. Aliwapa somo moja tu, wakipukuchua mahindi.

"Mambo yakiwa mengi kwa pamoja," aliwaambia, "msikimbilie linalopiga kelele. Kimbilieni lile ambalo likipotea halirudi."

Masika moja alivuka bonde kwenda kumuuguza dada yake. Watoto wakabaki na mama mkwe wake, Bibi Nakiete, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Mchana mmoja, mvua ikimwagika bila kupumua, mlima uliguna na ukuta wa jikoni ukapasuka. Zizini mbuzi wakaanza kulia.

Nakijwa hakuwageukia mbuzi. Alimbeba bibi mgongoni, akamfunga kwa kanga, akatoka naye kwenye tope.

Mbonea hakumshika bibi hata mkono. Aliteremka mbio kwa majirani akipiga yowe: "Kamba! Leteni kamba, mlima unashuka!" Walipofika, njia ilikuwa imekatika na tope limemfika Nakijwa kifuani, bibi bado yuko mgongoni. Wakawavuta kwa kamba hadi wakatoka.

Senzia naye, Nakijwa alipokuwa akitoka na bibi, alirudi ndani.

"Toka, wewe! Unatafuta nini?" dada yake alimfokea.

Senzia alitoka na blanketi ndani ya ndoo yenye mfuniko, na makaa ya moto kwenye chungu, akapitia upande wa mawe. Wakielekea kwa majirani, mto ulifurika ukawazuia, wakajibanza wote katika pango la karibu. Humo bibi alitetemeka kwa baridi mpaka akaacha kutetemeka, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana mwili umeishiwa joto. Blanketi lile kavu na moto ule ndivyo vilivyomrudishia uhai.

Namsifu aliporudi, palipokuwa na nyumba alikuta udongo mtupu. Akalia kwa sauti. Ndipo akasikia sauti ya Bibi Nakiete ikimwita kutoka kwa jirani: "Mwanangu, usilie. Tupo wote."

Bibi Nakiete alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, aliyefugwa hapo kwa jirani. "Nampa aliyeniokoa," alimwambia Namsifu. "Mtamba hagawanywi. Amua wewe uliyewalea."

Majirani hawakukosa maneno. Wengine walisema Mbonea alijiokoa mwenyewe kwanza. Wengine walisema Senzia hakumtii mkubwa wake, angefukiwa humo ndani.

Mbonea akaangua kilio. "Ni kweli nilimwacha bibi. Mpe dada."

"Mimi?" Nakijwa akatikisa kichwa. "Bila wewe ningezama naye. Na mbuzi wamekufa wote, sikuwafungulia hata mlango."

Senzia alikuwa amejiegemeza kwa bibi yake, akimpasha vidole kwa pumzi.

Namsifu akashika kamba ya mtamba. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Wote walilisikia somo lile lile, kila mmoja akalielewa kwa namna yake, na angepungua mmoja tu, leo angekuwa anazika. Aliunyosha mkono wenye kamba, akaurudisha. Akaunyosha tena.

Haya, mliokaa hapa mkanisikiliza, wakubwa kwa wadogo: kamba ile ungeikabidhi mkononi mwa nani? Na wale wawili watakaobaki mikono mitupu ungewaambia nini, ili siku nyingine wasisite?